Feza ya Nkambo

Kwetu Lubumbashi ukisema feza, mtu anapapasa mfuko. Feza ni ya unga, ya minervali, karo ya shule ya watoto, ya kulipa deni la makala. Nimefundisha kemia miaka mingi, alama ya fedha, Ag, nimeiandika ubaoni mpaka chaki ikaisha, na bado sikuwahi kukaa nikawaza kwamba neno tunalolitumia sokoni kila asubuhi ni jina la madini. Sisi ni watu wa shaba. Shaba tunaijua ikiwa jiwe la kijani, ikiwa moshi, ikiwa waya uliokatwa usiku na asubuhi mtaa mzima hauna umeme. Ile nyingine, nyeupe, ilikuwa mtaa wa Kamalondo ndani ya kabati la nyanya yangu, imejaa vifungo vya mashati.

Lilikuwa bakuli lenye kifuniko, limesimama juu ya mguu mmoja kama kikombe cha padri. Kishikio cha kifuniko ni ua ambalo halijachanua. Kwenye ukingo wa mdomo kuna mapengo madogo kumi na mawili, yamepangana vizuri kama meno ya msumeno. Mapengo hayo ndiyo yaliyotusumbua. Baba mdogo alisema ni ya kulazia sigara za gavana. Shangazi alisema ni ya mishumaa, kitu cha kanisa. Binamu yangu mmoja aliapa kwamba bakuli lilitoka kwenye meza ya Moïse Tshombe, lakini hilo halikumshangaza mtu, kwa sababu hapa Lubumbashi kila familia ina kijiko au kiti kilichotoka kwa Tshombe. Angekuwa na vyombo vyote hivyo, asingepata nafasi ya kutangaza Katanga kuwa nchi yake mwaka 1960.

Jambo moja tu tulikubaliana wote: Nkambo mwanaume, yaani babu yangu, alikuwa mpishi wa wazungu mjini, wazungu wale walikuwa Baitalia, na walipoondoka walimpa. "Tulipewa." Neno hilo tulilirudia mpaka likawa laini, hakuna aliyeuliza tulipewa na nani, siku gani, kwa nini.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la usafi. Mwaka 2003 dada yangu aliolewa, nikataka bakuli liwekwe mezani kwa wageni. Lilikuwa jeusi kama sufuria. Nikalisugua nusu siku kwa majivu, mchanga laini na ndimu. Liking'aa, wote wakanisifu. Chini ya mguu kulikuwa na mikwaruzo midogo ambayo nilidhani ni uchafu uliokauka, nikaisugua kwa bidii zaidi.

Leo nikikumbuka mkono wangu ule, naumia. Weusi wa fedha si uchafu unaotoka nje. Ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa, ile iliyomo kwenye mayai, kwenye kitunguu, kwenye mpira, na kwenye hewa iliyochafuka. Ukisugua kwa mchanga unaondoa weusi pamoja na ngozi ya chombo. Kuna njia isiyo na ukatili: unatandika karatasi ya aluminiamu ndani ya beseni, unaweka chombo juu yake kiguse karatasi, unamwaga maji ya moto yenye magadi ya kuokea. Salfa inaiacha fedha na kuifuata aluminiamu, na fedha inabaki palepale. Inanuka kama yai bovu, ndiyo dalili kwamba inafanya kazi. Hiyo nawafundisha wanafunzi wa mwaka wa tano, nao wanaipenda kuliko somo lolote. Mwaka 2003 nilikuwa naijua kwenye daftari. Sikuijua mkononi.

Mwaka 2016 kijana wangu alipokelewa Unilu, chuo kikuu chetu, na mshahara wa mwalimu mnaujua. Nyanya alinipa bakuli bila maneno mengi. Nikalifunga kwenye kitenge, nikapanda basi mpaka mjini kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu. Akamimina mezani vifungo viwili nilivyovisahau ndani, akaweka bakuli na kifuniko chake kwenye mizani: gramu 412. Akataja bei. Ilikuwa bei ya kuyeyusha, hesabu ya uzito tu, kama vile anayepima mihogo. Nikamuuliza kuhusu mikwaruzo ya chini ya mguu. Akaiangalia kwa kioo chake cha jicho.

"Ile haiko kintu, mama. Ni Kiarabu."

Ningekubali bei yake kama asingesema hivyo. Kiarabu, kwenye chombo cha Baitalia? Nikachukua kitenge changu, nikamuomba radhi, nikarudi nyumbani bila feza ya masomo. Feza hiyo hatimaye tulikopa likelemba, mchango wa zamu, na hiyo ni habari nyingine yenye machozi yake.

Kesho yake nilibaki shuleni baada ya vipindi. Kabla ya kuuliza ni ya nani, nilitaka kujua ni nini. Nikajaza chombo cha vipimo maji, nikazamisha bakuli kwa uzi, nikasoma maji yaliyopanda: mililita 40, ukivumilia macho yangu. Gawanya 412 kwa 40, unapata 10.3. Fedha tupu ni 10.5. Shaba ni 8.96. Chombo cha nikeli na shaba kilichopakwa fedha juujuu kingekuwa chini ya 9. Hesabu ya 10.3 inaangukia palepale pa fedha ya sehemu tisa kwa kumi, na ile sehemu moja ni shaba, inayowekwa ili fedha isiwe laini mno. Nikacheka peke yangu maabara. Kumbe hata yeye alikuwa na shaba ndani. Si ya kwetu lakini: tanuru la Lubumbashi lilianza kutoa shaba mwaka 1911, na bakuli, kama nilivyokuja kujua, lilikuwa limeshazaliwa.

Maandishi nilimpelekea shehe mmoja mzee, mfanyabiashara wa zamani wa vitambaa, ambaye mtoto wake nilimfundisha. Alikaa barazani, akavaa miwani, akapiga picha kwa simu na kuikuza. Mhuri wa kwanza ulikuwa umelika nusu, kwa majivu yangu. Wa pili, mdogo kama punje ya mtama, ulikuwa mzima.

"Mwalimu, hapa kuna herufi mbili tu. Swadi na ha. Sah. Maana yake ni sawa, ni kweli. Sisi kwa Kiswahili tunasema sahihi."

Nikamwomba aurudie mhuri wa kwanza. Akageuza simu huku na huku. Hiyo, akasema, si ya kusoma, ni ya kutambua: mistari mitatu iliyosimama, duara mbili za kushoto, kama fundo la kamba. Ni tughra, jina la sultani wa Waturuki lililosukwa. Akatafuta picha za sarafu za zamani, tukalinganisha nusu iliyobaki, naye akaona inafanana na ya Abdulhamid wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 1876 mpaka 1909.

"Na hii nayo ni sahihi," akasema, akicheka. "Sahihi ya mkono. Kwa hiyo mfalme ametia sahihi yake kwamba fedha ni sahihi. Na wewe umemfuta nusu."

Mwenzangu wa historia ndiye aliyeunganisha. Nilimwuliza chumba cha walimu, kwa mzaha: Baitalia gani wana kitu cha Waturuki? Hakucheka. Alisema: "Ba Rhodes." Kisiwa cha Rhodes kilikuwa cha Waturuki tangu 1522, Italia ikakichukua mwaka 1912. Huko kulikuwa na Wayahudi ambao mababu zao walifukuzwa Hispania mwaka 1492 na walikuwa bado wanazungumza Kihispania chao cha kale. Mwanzoni mwa karne ya ishirini vijana wao walianza kuja Kongo kufanya biashara. Sinagogi yetu, ile ya mjini ambayo nimepita mbele yake maisha yangu yote nikidhani ni ofisi, ni yao, ya karibu mwaka 1930. Rabi Moïse Levy, mzaliwa wa Rhodes, alifika mwaka 1937 akakaa miaka zaidi ya hamsini. Na baba yake Moïse Katumbi, yule mwanasiasa wetu, alitoka kisiwa hichohicho. Hilo la mwisho nililijua, kila mtu hapa analijua. Sikuwa nimeliweka karibu na kabati la nyanya.

Hapo tu ndipo nilipofanya ambalo ningelifanya kwanza. Nilikwenda Kamalondo, nikakaa chini kwenye mkeka, nikamuuliza Nkambo mwanamke, nyanya mwenyewe. Alikuwa na miaka 86. Alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo, na hakuinua macho.

"Nkambo, ile bakuli walitupa siku gani?"

"Haikukuwa zawadi, mutoto. Ilikuwa dekonti."

Dekonti ni malipo ya mwisho ya mfanyakazi. Nkambo mwanaume aliingia jikoni kwa Bwana na Madame mwaka 1952, wakati ambapo mtu mweusi haruhusiwi kuwa mjini baada ya saa tatu za usiku bila karatasi, na mwanaume mwenye watoto wanne anaitwa boyi. Alipika miaka 22. Kisha tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza kwamba biashara za wageni zitapewa Wazairwa. Duka la Bwana la vitambaa lilipata akwereri, mtu aliyekuja na karatasi, akauza vitambaa vyote kwa miezi michache, halafu akafunga mlango. Nyanya aliyaeleza haya kama anayeeleza mvua. Madame alitangulia kuondoka. Bwana alibaki wiki kadhaa katika nyumba yenye masanduku, akamwita mpishi wake.

"Akamuambia: feza sina, balishaikamata yote. Angalia mu nyumba, kamata kintu kimoja. Mpishi akakamata hiyo. Mimi nilikasirika sana. Kulikuwa na frigo!"

Miaka yote nyanya hakumsamehe mumewe lile friji. Ndiyo sababu bakuli liliwekwa vifungo.

Kuna kipande kingine ambacho mama yangu alinipa siku hiyohiyo, baada ya kusikia tunaongea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 baba alikuwa kazini Likasi, mishahara ya Gécamines, kampuni ya migodi, haifiki, na mama aliliweka bakuli rehani kwa jirani, mke wa Mluba wa Kasai, kwa gunia la unga wa mahindi. Mwaka 1992 watu wa Kasai wakaanza kufukuzwa: rudini kwenu, wakaambiwa, hata waliozaliwa hapa na baba zao wamezikwa hapa. Maelfu walilala stesheni ya Likasi wakisubiri treni. Usiku mmoja jirani yule alibisha mlango, amelibeba bakuli ndani ya kitenge. Unga ulikuwa haujalipwa. Mama akamwambia alichukue, atauza njiani ale. Yule mama akasema: "Kwenye treni watanyang'anya. Bora likae kwa mtu ninayemjua." Hatukusikia tena habari zake. Mama alipofika hapo katika kusimulia, alinyamaza, akaanza kutafuta kiberiti ambacho kilikuwa mkononi mwake.

Nikaanza kuona kwamba bakuli hili halijawahi kuhama kwa amani. Kila mara liko mkononi mwa mtu anayeambiwa arudi kwao.

Rafiki yangu aliyeko Brussels alinisaidia kupeleka picha kwa watu wa jumuiya ya Rhodes, ambao wengi walitoka Kongo wakaenda huko. Sikutaka kuuza wala kudai. Nilitaka tu kujua mapengo yale. Ilipita miezi sita. Mwaka 2017 nikapokea ujumbe wa sauti, mwanamke, Kifaransa cha polepole. Alikuwa mjukuu wa Madame. Alilitambua bakuli kwa ua la kifuniko. Alimshukuru Mungu. Halafu akasema, kwa adabu sana, kwamba bibi yake mpaka anakufa alisema mpishi aliliiba.

Sikujibu wiki tatu. Nilitembea na hasira kama mtu aliyemeza mfupa. Miaka 22 ya jikoni, halafu wizi! Niliandika jibu usiku, nikalifuta asubuhi. Niliwaza mnunuzi wa dhahabu na tanuru lake: liyeyushwe, liishe, tugawane.

Kilichonipoza si wema. Nilikuwa nasoma kuhusu Rhodes ili niwe na maneno makali zaidi ya kumjibu. Nikasoma kwamba mwaka 1938 sheria za ubaguzi za Italia zilifika kisiwani, waliokuwa na ndugu Afrika wakawakimbilia. Waliobaki, zaidi ya 1,600, Wajerumani waliwapakia kwenye meli mwezi Julai 1944, wakawapeleka Auschwitz. Walionusurika ni kama 150. Mjukuu alikuwa ameshanieleza katika ule ujumbe, nami sikumsikia kwa hasira, kwamba Madame aliolewa 1936 akaja Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na bakuli alilopewa na mama yake. Mama alibaki kisiwani. Nikahesabu. Picha ya mama huyo ilikuwepo, lakini nyumba, kaburi, vyombo, hakuna. Kulikuwa na bakuli. Na siku Bwana anamwambia mpishi achague, Madame alikuwa ameshapanda ndege. Inawezekana kabisa Bwana aliogopa kumweleza mkewe amelipa deni kwa kitu gani. Mimi nina mume, najua mambo ambayo hayasemwi.

Sina ushahidi. Nilimwandikia hivyohivyo: kwenu mnasema wizi, kwetu tunasema dekonti, na wote wawili waliokuwa chumbani wamekufa. Nikamuuliza mapengo ni ya nini.

Alipiga simu siku hiyohiyo, ya picha. Mapengo ni ya vijiko, akasema, vijiko kumi na viwili vidogo vinavyoning'inia. Mgeni akiingia, kabla ya kahawa, kabla ya habari, analetewa bakuli juu ya sinia pamoja na glasi ya maji. Anachukua kijiko kimoja cha kitu kitamu, anakila, anawaombea wenyeji heri, anaweka kijiko pembeni. Kitamu chenyewe ni matunda yaliyochemshwa na sukari, au maua ya waridi. Kwa lugha yao ya nyumbani wanakiita dulse.

Nilimwomba arudie.

Nyumbani kwetu, tangu nilipoanza kuzungumza, mapera yaliyochemshwa na sukari na ndimu mpaka yanakuwa mekundu mazito tunayaita dulusi. Hatusemi konfitiri, yaani jamu, kama majirani. Nilidhani ni Kibemba. Mume wangu, ambaye ni Mbemba wa kuzaliwa, alidhani ni lugha ya ukoo wetu na alikuwa anavumilia. Yule mjukuu wa Madame alisema kwao ilikuwa bimbriyo, tunda ambalo Katanga halioti, na kwamba Madame alikuwa akilalamika kwamba mpishi analibadilisha kwa mapera. Wote wawili tukanyamaza, picha ikakwama kwa mtandao, uso wake ukabaki umefungua mdomo kama dakika nzima.

Kuhusu nani mwenyewe, hatujamaliza. Nilimwambia nitalituma, akasema lisije kupotea uwanja wa ndege. Nikamwambia basi aje, akasema mwaka ujao, na mwaka ujao umeshapita mara kadhaa. Likiwa hapa sitalisugua. Mnunuzi wa dhahabu aliniona sokoni akaniuliza kama bado ninalo, akapandisha bei kidogo kwa uzito uleule.

Msimu wa mapera uliofuata nilipika dulusi kwenye mbabula, jiko la makala, uwanjani Kamalondo, nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Vifungo nikavihamishia kwenye kopo la maziwa. Vijiko nilinunua soko ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, dazeni nzima, lakini shingo zake zilikuwa nene, havikuingia kwenye mapengo. Kijana wangu alichukua tupa akapunguza kimoja, akachoka, akaweka chini. Tukaning'iniza hicho kimoja, kumi na moja hayana kitu. Nikaweka glasi ya maji pembeni, nikampelekea Nkambo, nikashika simu ili yule mwingine aone.

Nyanya alichukua kijiko, akala taratibu, akatafuna mbegu moja muda mrefu.

"Sukari ni mingi," akasema. "Mpishi alikuwa anaongeza ndimu."

Akarudisha kijiko kwenye pengo lake, akauliza friji ya Madame ilichukuliwa na nani.